Seli Zinazosafiri Kisogoni

Wenzangu wa Elimu, kwenye Saikolojia ya Elimu tunakariri hatua za mtoto: anakaa, anatambaa, anasimama, anatembea. Ni nadra tukauliza kichwani kwake kunajengwa nini wakati huo. Leo tuangalie sehemu moja tu ya ubongo, serebelamu, ile iliyokaa kisogoni chini ya ubongo mkubwa.

Kwa uzito, serebelamu ni kama asilimia 10 tu ya ubongo wote. Lakini mwaka 2009 Suzana Herculano-Houzel wa Brazil na wenzake walitoa hesabu yao: kati ya niuroni bilioni 86 hivi za binadamu, takriban bilioni 69 zimo humo. Yaani katika kila niuroni tano, nne ziko kisogoni! Nyingi ni zile ndogo sana, tuziite seli punje.

Sasa zote hizo zinafikaje mahali pake? Swali hilo Mary Hatten wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, amelifanyia kazi kwa miongo kadhaa. Seli punje huzaliwa juu, kwenye tabaka la nje la serebelamu, kisha hutakiwa kushuka ndani. Miaka ya 1980 Hatten na wenzake walikuza seli za panya wachanga maabara, wakazipiga video kupitia hadubini. Kumbe seli hujishikiza kwenye uzi mrefu wa seli nyingine, iitwayo glia, na kuufuata kama mkwezi anavyoshuka mnazi. Haiendi mfululizo: inasogea, inatulia, inasogea tena.

Zikikwama je? Wapo panya wenye kasoro ya jeni, wanaitwa weaver. Seli punje zao nyingi hazisafiri, zinakufa, na panya wenyewe hutembea wakiyumba.

Kwa binadamu, serebelamu hukua kwa kasi miezi ya mwisho ya mimba, na seli punje huendelea kuzaliwa na kusafiri hata baada ya mtoto kuzaliwa. Ndiyo maana watafiti huwafuatilia kwa makini watoto njiti: wametoka tumboni ujenzi ukiwa umepamba moto. Wengi hukua vizuri, ila hatari ipo.

Na kazi ya serebelamu haiishii kwenye mwendo. Mwaka 1998 Jeremy Schmahmann na Janet Sherman, huko Boston, walieleza wagonjwa 20 walioumia sehemu hiyo. Walikuta matatizo ya kupanga mambo, ya lugha, hata ya kutawala hisia.

Hapo ndipo linapotuhusu sisi. Darasani tutakutana na mtoto anayejikwaa kila mara, mwandiko unapanda na kushuka, ukimpa maagizo matatu anafuata moja, ukimkaripia analia. Tumezoea kumwita mzembe, na fimbo iko karibu. Mwalimu si daktari, huwezi kujua kwa kumtazama tu kama tatizo liko kwenye serebelamu. Lakini unaweza kumuuliza mzazi: alizaliwa miezi imetimia? Alianza kutembea lini? Unaweza kumpa agizo moja moja, ukamwongezea muda, ukarudia zoezi, na ukamshauri mzazi ampeleke hospitali. Hayo hayahitaji maabara ya New York. Yanahitaji dakika tano kabla ya kunyanyua fimbo.