Kabla ya Kununua Kadi, Fungua Kasha

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika nyumbani huku kwetu, kuanzia Busia mpaka Malaba, zilianza kazi katika ofisi za Ulaya. Ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zile zinazouzwa Nairobi kwa jina la ex-UK na kufika Adungosi zikiwa zimefungwa kwa katoni ndani ya buti la basi. Ni mashine imara. Zinaandika barua, zinatunza hesabu za duka, zinaingia iTax bila shida. Taabu huanza siku kijana anapoweka X-Plane, simuleta ya ndege, ili aruke kutoka Kisumu kwenda Entebbe: ziwa linaonekana kwa vipande, ndege inaruka kwa kushtukashtuka, na wazo la kwanza ni kununua kadi ya grafiki.

Mara nyingi wazo hilo ni sahihi. Kinachopoteza pesa ni mpangilio. Watu huanza na jina la kadi, wanatuma pesa kwa M-Pesa, kifurushi kinafika, na hapo ndipo wanagundua kwamba kadi ni ndefu kuliko kasha, au inadai waya wa umeme ambao mashine haina. Kasha ulilonalo ndilo linalokuchagulia kadi.

Lakini hata kabla ya kushika bisibisi, tafuta nani anayechelewesha. Simuleta ya ndege si kama mchezo wa mpira au wa magari. X-Plane huligawa bawa vipande vidogo na kupiga hesabu ya nguvu za hewa juu ya kila kipande, tena na tena ndani ya sekunde moja. Kazi hiyo ni ya prosesa. Kadi huchora kinachoonekana: mawingu, vivuli, maji yanayometa. Prosesa ikiwa hoi, kadi mpya itakaa ikisubiri.

Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Washa mstari wa kasi ya fremu kwenye mipangilio ya X-Plane, ukurasa wa data, uone tarakimu juu ya skrini wakati unaruka. Kisha shusha ukubwa wa picha hadi kiwango cha chini kabisa, ukiacha mengine yote yalivyokuwa. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo iliyofika mwisho, na pesa zako zielekee huko. Kwenye Microsoft Flight Simulator kuna hali ya wasanidi ambayo huonyesha wazi kama kinachozuia ni MainThread, yaani prosesa, au ni GPU, yaani kadi.

Usikimbilie fremu 60 kwa sekunde. Kwa kujifunza urubani, fremu 30 zisizoyumba zinatosha kabisa. Chini ya 20 hivi ndiko kwenye hatari ya kweli, kwa sababu X-Plane hapo huanza kupunguza mwendo wa saa yake yenyewe ili hesabu zisiharibike. Ndege inatua polepole kuliko inavyotua ndege ya kweli, na mikono yako inazoea mwendo wa uongo. Kwa anayetamani siku moja kukaa kwenye Cessna pale uwanja wa ndege wa Wilson, hilo ni jambo la kuogopa kuliko picha mbaya.

Ukikuta prosesa ndiyo tatizo, na mashine yako ni OptiPlex 7010 yenye i3, tundu la mazabodi yake linapokea pia i7-3770. Prosesa hiyo ya mtumba, pamoja na RAM ya kufikisha GB 16, huleta nafuu ambayo kadi peke yake isingeleta. Wenye laptopu, nawasikitikia: karibu zote zina kadi iliyoungwa moja kwa moja kwenye mazabodi, na hakuna fundi atakayeibadilisha kwa bei ya maana.

Sasa fungua kasha. Angalia mambo matatu: upana, nafasi ya urefu, na kibandiko kilichoko ubavuni mwa pawa saplai. Makasha membamba ya ofisi, yale yanayolala chini ya skrini, yanapokea kadi fupi za kimo cha chini tu. Makasha ya kusimama hupokea kadi za kimo cha kawaida, ila pima kwa rula kutoka nyuma hadi kwenye kizimba cha diski, kwa sababu kadi zenye feni mbili au tatu hugonga pale.

Kuhusu umeme hesabu haina ubishi. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 kwa kawaida. Waya wa pini sita huongeza 75, wa pini nane huongeza 150. Pawa saplai ya OptiPlex 7010 ya kusimama ni wati 275, ile nyembamba ni 240, na hazina waya wa ziada wa kadi. Baadhi ya mashine nyembamba, hasa za zamani, zimewekewa kikomo cha chini ya wati 75 hata kwenye tundu lenyewe, kwa hiyo soma kitabu cha mashine yako, si cha jirani. Kuna wauzaji wanaokuongezea kiunganishi kinachovuta umeme kutoka kwenye waya za diski ili kulisha kadi kubwa. Kikatae. Nimeona plastiki ya viunganishi hivyo ikiwa imeyeyuka, na mashine ikiungua huku hakuna wa kukurudishia chochote.

Je, ubadilishe pawa saplai? Kwa 7010 ya kusimama inawezekana, maana plagi yake kuu ni ya kawaida ya pini 24. OptiPlex 9020 ya kizazi kilichofuata ina plagi ya pini nane ya Dell wenyewe, na EliteDesk 800 nazo zina mpangilio wa HP. Utahitaji waya wa kugeuza, na hiyo ni gharama inayofaa uijue kabla ya kutuma pesa.

Kwa hiyo kwa wengi wetu uwanja unabanwa hadi kadi zinazoishi kwa umeme wa tundu peke yake. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya GB 4, ndiyo inayotangazwa sana, na bado inafanya kazi. Lakini kampuni ya NVIDIA imeshaufunga mlango wa draiva mpya za michezo kwa kizazi hicho tangu mwishoni mwa 2025, ikabakiza marekebisho ya usalama tu. Ningeongeza pesa kidogo nichukue GTX 1650 ya 2019: nayo ina GB 4 na matoleo yake mengi hayadai waya wa ziada, ila hakikisha, kwa sababu yapo yenye tundu la pini sita. Kimo cha chini pia kinapatikana. Aliye na uwezo zaidi atafute RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024 ikiwa na wati 70. Hiyo ndiyo bora kuliko zote kwa kasha la ofisi, kwa maoni yangu. Usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, ambayo hudai waya wake.

RX 6400 inavutia kwa udogo na wati zake 53. Iache kama mashine yako ni ya zamani. Inapitisha data kwa njia nne tu, na kwenye mazabodi ya kizazi cha 7010 njia hizo ni nyembamba. Kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa, picha zinasimama. Intel Arc nazo zinadai kipengele cha mazabodi kinachoitwa Resizable BAR, ambacho mashine hizi za 2012 na 2013 hazina. Aliye na kasha kubwa na pawa saplai ya kuaminika ndiye atakayeanza kuzungumzia GTX 1660 Super, RX 580 ya GB 8, au RX 6600, ambayo hula wati 132 na kutoa kazi nzuri mno kwa umeme huo.

Chaguo la simuleta lina uzito uleule. Microsoft Flight Simulator, ya 2020 na hasa ya 2024, huvuta picha za dunia kutoka intaneti unaporuka. Toleo la 2024 linataka kasi ya Mbps 10 kama kiwango cha chini, na RAM ya GB 16. Kwa anayenunua bando za simu Adungosi, huo ni mlango wa kumaliza pesa hata kama kadi ni nzuri. X-Plane 12 na FlightGear hupakuliwa mara moja. Nenda Busia mjini kwenye Wi-Fi, jaza diski, rudi nyumbani uruke bila mtandao. FlightGear ni ya bure kabisa na hailemei mashine. X-Plane 12 ina toleo la majaribio la bure, nawe jaribu hilo kabla ya kununua chochote. Sharti lake moja ni kadi inayoelewa Vulkan 1.3, ndiyo maana GTX 770, iliyokuwa kadi kali enzi zake, haifai tena hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Kuhusu kununua mtumba, ogopa kwanza kadi bandia. Kuna kadi za zamani sana, kama GTX 550 Ti, zilizoandikwa upya ndani ili zijitambulishe kama 1050 Ti. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z huzifichua. Mwombe muuzaji wa Nairobi akutumie picha ya GPU-Z ikiwa inafanya kazi, pamoja na karatasi yenye jina lako na tarehe kando ya kadi. Asiyetaka, muage. RX 580 nayo ina ndugu aliyeandikwa 2048SP: huyo kwa nguvu ni RX 570, alipwe bei ya RX 570. Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali zilimwagika sokoni baada ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022. Hazijafa zote. Zungusha feni kwa kidole usikilize mkwaruzo, na ukubali gharama ya kupakwa upya krimu ya joto.

Wengine hutazama ng'ambo, Kampala. Inaweza kulipa, lakini elewa jambo moja. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule unaowasaidia akina mama wanaovusha mahindi na maharagwe, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zisizozidi dola 2,000. Kadi iliyotengenezwa China haimo. Itangaze pale mpakani, ujue kodi yake mapema, na uulize dhamana itafanyaje kazi ikiwa duka liko nchi nyingine.

Kitu kimoja husahaulika hadi saa ya mwisho: skrini. Monita nyingi za ex-UK zina tundu la VGA, na kadi nilizozipendekeza hapa hazitoi VGA. Nunua pamoja na kadi kiunganishi cha kutoka DisplayPort au HDMI kwenda VGA. Kama monita yako ni ya 1280 kwa 1024, furahi, kwa sababu pikseli chache zinapunguza mzigo, na GB 4 zitakutosha vizuri.

Kadi ikishakaa, weka UPS yenye kinga ya radi kati ya mashine na ukuta. Ngurumo za alasiri za huku hazina huruma. Inua kasha kutoka sakafuni, vumbi lisipate njia. Halafu fanya safari mbili. Ya kwanza, ondoka Kisumu jioni yenye mawingu mazito, uvuke ziwa hadi Entebbe, kilomita zipatazo 250: hapo unaipima kadi. Ya pili, kaa chini Wilson, majengo ya Nairobi yakiwa mbele yako: hapo unaipima prosesa. Safari ya kwanza ikikatikakatika, punguza mawingu, vivuli na mng'aro wa maji. Ya pili ikikatikakatika, punguza majengo na ndege nyingine, na kadi uiache ilivyo.