Kuvuta Gari Bovu: Kazi Kubwa ni ya Aliye Nyuma

Soko la Kenyatta linajulikana kwa nyama choma na akina mama wa kusuka nywele. Lakini ukisimama kando ya barabara ya Mbagathi, hapo karibu na soko, hukosi kuona jambo lingine: gari zima likivuta gari bovu kwa kamba. Wengi wetu hutazama tu tukacheka. Mimi naona hilo ni somo.

Tuanze na lugha yetu. Kuna kuvuta, kuburuta na kukokota. Kitu kinachoburutwa hukwaruza chini. Kukokota ni kuvuta kitu kizito polepole, na ndipo tukapata mkokoteni. Sasa mtazame mwenye mkokoteni akishuka mteremko wa kwenda barabara ya Langata. Havuti tena! Mzigo ndio unaomsukuma, naye huinua mikono ya mkokoteni ili kile kipande cha tairi kilicho nyuma kisugue lami. Gari linalovutwa ni hivyo hivyo. Kwenye mteremko kamba hulegea, na kamba haiwezi kuzuia kitu. Aliye nyuma asiposhika breki, atamgonga aliyekuja kumsaidia.

Na breki zenyewe zimebadilika. Injini ya petroli ikiwa inanguruma hufyonza hewa, na nguvu hiyo ya kufyonza huwekwa katika kopo kubwa la duara lililo mbele ya pedeli ya breki. Kopo hilo ndilo linalousaidia mguu wako. Injini ikizima, nguvu iliyobaki hutosha kukanyaga mara mbili tatu hivi, kisha pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Dereva asiyejua hudhani breki zimekufa, anaondoa mguu. Hazijafa! Zinataka ukanyage kwa nguvu zako zote, na mapema. Usukani wa pawa pia huwa mzito, hasa mwendo ukiwa mdogo.

Kwa hivyo nashangaa jinsi watu wanavyochagua. Dereva hodari hupewa gari la mbele, na gari bovu akapewa yeyote aliye karibu, hata kijana ambaye hana leseni. Ingefaa iwe kinyume. Wa mbele ana injini, breki na usukani. Wa nyuma ana miguu na mikono yake tu.

Jambo lingine ni ufunguo. Fundi akisema, “Mzee, usitoe ufunguo, gari itajifunga,” msikilize. Ukiutoa, usukani wa magari mengi hujifunga, na gari litakwenda moja kwa moja hata mbele kukiwa na kona. Acha ufunguo umewashwa bila kuwasha injini. Betri ikiwa nzima, utapata taa za breki na indiketa.

Kamba nayo isifungwe kwenye bampa, kwani bampa za siku hizi ni plastiki. Tafuta ndoano iliyo chini ya gari. Magari mengi ya kutoka Japani yana ndoano ya kuzungusha kama skrubu, nayo hukaa kwenye buti pamoja na jeki. Wa mbele aanze na gia ya kwanza, polepole sana, mpaka kamba ikaze. Akiruka kwa ghafla, kamba itakatika au ing'oe ndoano, na ndoano ikiruka inaweza kumuumiza mtu. Wa nyuma aweke nyutro, na awe akigusa breki kidogo ili kamba ibaki imekaza. Mkifika mzunguko wa barabara ya Ngong, kumbukeni nyinyi sasa ni gari moja refu. Msiingie mpaka nafasi iwatoshe wote wawili.

Gari la otomatiki ni shida nyingine. Pampu ya kupeleka mafuta ndani ya gia zake huendeshwa na injini. Magurudumu yakizunguka injini ikiwa imezima, vyuma husagana bila mafuta ya kutosha. Kulisogeza kando ya barabara ni sawa, lakini kulivuta hadi gereji ya mbali ni kutafuta hasara. (Na wale makanga wanaopenda kusukuma wajue otomatiki haiwaki kwa kusukumwa!) Hilo, pamoja na gari ambalo breki au usukani wake ndio ulioharibika, libebwe juu ya lori la brekidauni, magurudumu yote manne yakiwa hewani. Ni ghali, lakini gia mpya ni ghali zaidi.

Nimeacha nyuma sisi tunaokwenda kwa miguu. Msongamano ukianza, watu wa soko, wa hospitali na wanafunzi hupenya katikati ya magari yaliyosimama. Kamba ya kijivu haionekani, hasa jioni. Magari yakianza kusonga, inakaza kwenye miguu ya mtu. Huko Uingereza sheria inasema kamba isizidi mita 4.5, na ikipita mita 1.5 lazima iwekwe kitu cha kuonekana. Hapa kwetu kitambaa chekundu kilichofungwa katikati kinatosha, hata kipande cha leso kuukuu ya mama.