Sauti Isiyo Neno: Albamu ya Duma na Mipaka ya Fasihi Simulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aishiye Kitengela akilisikia neno duma, humfikiria mnyama kwanza. Nyanda hizo, zilizo kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1946, ni mawindo ya duma tangu zamani, ijapokuwa nyua na majumba yamezidi kumbana. Hata hivyo, Martin Khanja (Lord Spike Heart) na Sam Karugu wa Nairobi walipoiita bendi yao Duma, walikusudia giza kwa Kikuyu, lugha ambamo neno hilo huandikwa nduma. (Si ile nduma iliwayo kwa chai, hilo ni neno jingine.) Kwa hiyo msikilizaji ajuaye lugha zote mbili huipokea albamu yao ikiwa na mbio na giza kabla hajasikia chochote.

Albamu hiyo, iitwayo pia Duma, ilirekodiwa Kampala mwaka 2019, ikatolewa na Nyege Nyege Tapes mnamo Agosti 2020. Wasanii wote wawili walikuwa wametoka katika bendi za metali nzito za Nairobi. Humo mashine hupiga midundo kwa kasi isiyowezekana kwa mkono wa binadamu, gitaa huvurugwa likawa uvumi mtupu, naye Khanja hupiga mayowe, hunguruma na kukoroma. Vichwa vingi vya nyimbo ni vya Kiingereza. "Pembe 666" ni miongoni mwa vichache vinavyomkaribisha Mswahili. Maneno yamo, lakini sikio huyakamata kwa taabu.

Hapo ndipo lilipo tatizo la kinadharia. Fasihi imezoeleka kufasiliwa kuwa ni sanaa itumiayo lugha, na kwa kipimo hicho albamu hii yaweza kukataliwa mlangoni na kuachiwa wataalamu wa muziki. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho kikitumiwa kwa haki kitakataa pia jambo ambalo ni muhali mhadhiri yeyote kulikataa. Katika nyimbo za Wamaasai wa Kajiado, olaranyani huongoza kwa maneno, na kundi humwitikia kwa mikoromo ya kooni, yenye mdundo lakini isiyo na neno. Aghalabu hapana ngoma ya kupigwa. Koo ndilo ngoma. Mikoromo hiyo ikiondolewa, olaranyani hubaki kama mtu asemaye peke yake njiani.

Ulinganisho huu, hata hivyo, usivutwe mno. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliisisitiza fasihi simulizi kama tukio: fanani, hadhira, mahali na wakati hukutana. Mkoromo wa morani una sherehe yake, rika lake na watu wanaojua lini uanze. Yowe la Khanja katika albamu halina wa kuliitikia. Mashine haimjibu, humkimbiza tu. Pengine upweke huo ndio unaoifanya albamu iwe nzito kuliko kelele zake, na ndio unaoitofautisha na maonyesho ya jukwaani, ambako hadhira hurejea na kupiga mayowe pia.

Kwa mtafiti wa nyanjani suala hili si la nadharia tupu. Akienda Kajiado na kunakili maneno ya olaranyani peke yake, kisha akaandika "kiitikio" ndani ya mabano, ukurasa wake huwa na nusu ya wimbo. Tahajia ya Kiswahili haina alama ya mkoromo, ya pumzi inayovutwa wala ya sauti inayopasuka. Itabidi mtafiti abuni alama zake, aambatanishe kanda, na aeleze ni nani aliyekoroma, kwa muda gani, na olaranyani alikuwa amefika neno lipi.