"Mortgage": Rehani Iliyokufa

Hapa mjini Eldoret neno "mortgage" utaliona kwenye mabango ya benki na kwenye matangazo ya mnada magazetini. Wazee wetu husema tu "kuweka shamba benki". Nilipolichunguza neno hili nilishangaa, kwani kwa asili si la Kiingereza. Ni maneno mawili ya Kifaransa cha kale yaliyoshikana: "mort", yaani kilichokufa, na "gage", yaani rehani.

Mwaka wa 1066 Wanormandi kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne nyingi mawakili wa huko waliandika mambo ya sheria kwa Kifaransa. Cha kuchekesha ni kwamba Wafaransa wa leo hawalitumii neno hili. Wao husema "hypothèque", ambalo lilitoka kwa Wagiriki!

Sasa, ni nini kilichokufa? Wanasheria wa zamani walikuwa na maelezo mawili. Tuseme mzee fulani amekopa pesa na kumwachia tajiri shamba lake la mahindi. Ikiwa mavuno anayochukua tajiri yanapunguza deni kila mwaka, hiyo ni rehani hai, maana shamba linajilipia lenyewe. Lakini tajiri akivuna, akauza magunia yote na deni likabaki vilevile, basi rehani hiyo imekufa. Hayo yamo katika kitabu cha karne ya 12 kinachojulikana kwa jina la Glanvill. Katika karne ya 15 jaji Littleton alieleza vingine: mkopaji asipolipa siku iliyowekwa, shamba limekufa kwake, akilipa, limekufa kwa mkopeshaji. Mimi napenda yale ya kwanza, kwa sababu mtoto yeyote wa mkulima atayaelewa mara moja.

Zamani huko Uingereza mkopaji alimhamishia mkopeshaji umiliki hasa. Akichelewa hata siku moja, shamba limekwenda. Kufikia karne ya 17 mahakama ya Chansela ilikuwa ikiwaruhusu waliochelewa walipe na kukomboa ardhi yao. Kiswahili kinalo neno zuri kwa jambo hili. "Rehani" tuliipata kwa Waarabu, na kitu kilichowekwa rehani hukombolewa. Kwa hiyo katika lugha yetu, mwenyewe bado anatarajiwa kurudi.

Nasema hivi kwa sababu nimewasikia watu wazima wakisema ati ukishapeana taitodidi, shamba si lako tena. Mtu wa namna hiyo akipata barua kwamba amechelewa kulipa, huiweka chini ya godoro na kunyamaza. Anadhani hana la kusema!

Kenya ilitumia Sheria ya Uhamisho wa Mali ya India ya 1882, yenye neno hilo la "mortgage", mpaka ilipofutwa mwaka wa 2012. Sheria ya Ardhi ya 2012 husema "charge" (nalo pia ni la Kifaransa, lenye maana ya mzigo). Kifungu cha 80 kinasema wazi kwamba huo mzigo ni dhamana tu, hauhamishi umiliki. Mkopaji akikosa kulipa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kumwandikia, lakini lazima ampe angalau miezi mitatu ya kulipa. Ikipita, anahitaji notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Muda huo wote mwenye shamba anaweza kulipa deni na kulikomboa. Shamba la kilimo, kwa mujibu wa sheria ya 1967, huhitaji pia idhini ya bodi ya ardhi.

Na kama ni nyumba ya mume na mke, baba hawezi kuiweka peke yake. Lazima mama aonekane amekubali kwa maandishi, na akikataa kutia sahihi, mambo yanaishia hapo.