SOMO: Kuweka Akiba ya Chakula Katika Friza ya Nyumbani

Katika ziara za kutembelea vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA) hapa Kilimanjaro, nimekuta friza katika nyumba nyingi ambazo zamani hazikuwa nayo. Akina mama wengi wameinunua kwa mkopo ili wauze barafu, juisi na maji baridi. Lakini ukiinua mfuniko, mara nyingi unakuta chupa chache za maji upande mmoja, na upande wa pili fuko moja kubwa la nyama lililoganda kama jiwe, na hakuna anayekumbuka liliingia lini. Marejesho ya mkopo yanalipwa, umeme unalipwa, na mama huyo huyo bado anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha mkaa ili maharage yaive mapema. Somo letu la robo mwaka hii linahusu namna ya kuifanya friza hiyo imsaidie na yeye mwenyewe jikoni.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri kikazi kwa siku nne, nikaacha kilo sita za nyama kwenye friza. Umeme ulikatika Jumanne jioni ukarudi Alhamisi asubuhi. Binti anayetusaidia nyumbani hakuniambia, na mimi sikumuuliza. Niliporudi Ijumaa nyama ilikuwa imeganda vizuri kabisa, nikaipika rosti ya Jumapili. Usiku ule watu wanne tulihara na kutapika, na mtoto wangu wa mwisho alilazwa siku mbili akiwekewa dripu. Nyama ile haikupimwa popote, lakini tulipohesabu tuliokula na ambao hawakula, jibu lilikuwa wazi.

Kwa nini kupika hakukutuokoa? Hapa ndipo wengi tunapokosea. Baridi ya friza, ambayo inatakiwa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, haiui vijidudu, bali inawalaza. Chakula kikiyeyuka wanaamka na kuongezeka, na baadhi yao wakishaongezeka huacha sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Umeme ukirudi, chakula kinaganda tena na kinapendeza machoni kama mwanzo. Friza inaficha kilichotokea.

Tangu hapo nina kikombe kidogo cha maji yaliyoganda kwenye friza, na juu ya barafu yake nimeweka sarafu ya shilingi 200. Nikirudi safari naangalia kikombe kwanza. Sarafu ikiwa juu, mambo ni salama. Ikiwa imezama hadi chini na kuganda huko, basi maji yaliyeyuka yote, na nyama nayo iliyeyuka, yote natupa. Ikiwa katikati, nashuku, na kwa nyama, samaki na maziwa nashuku kwa kutupa. Inauma, lakini dripu inauma zaidi.

Umeme ukikatika ukiwa nyumbani, jambo la kwanza ni kutofungua. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kwa muda wa saa 48 hivi; iliyojaa nusu hushika kama saa 24. Ndiyo maana nashauri nafasi tupu zijazwe chupa za maji zilizoganda, zisizojazwa hadi mdomoni kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Waambie watoto na binti wa kazi. Chakula ambacho bado kina chembe za barafu ndani yake kinaweza kugandishwa tena, ingawa ladha itapungua. Kilichoyeyuka na kupata joto kwa zaidi ya saa mbili, usikibembeleze.

Sasa tuje kwenye kujaza. Watu wakisikia friza wanafikiria nyama, lakini kwa maoni yangu faida kubwa kwa nyumba zetu iko kwenye maharage na makande. Nyama inaiva kwa muda mfupi. Makande yanakula mkaa saa mbili hadi tatu, na ukipika mara tatu kwa wiki umewasha jiko mara tatu kwa kazi ile ile. Pika mara moja, siku ya Jumamosi. Loweka kilo mbili za maharage usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya, yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi, kisha endelea mpaka yaive. (Hilo la kuchemka kwa nguvu lisirukwe, hasa kwa maharage mekundu, yakipikwa kwa moto mdogo bila kuchemka yana sumu inayosokota tumbo.) Kilo mbili kavu zikiiva hukaribia kilo tano. Usiyaunge. Gandisha yakiwa na mchuzi wake kidogo, na siku ya kula ndipo unapokaanga kitunguu na nyanya, au unapotia nazi. Kwa njia hiyo mfuko mmoja unaweza kuwa mboga ya ugali leo, na kesho ukaingia kwenye ndizi. Makande nayo ni hivyo hivyo.

Kupoza ndiyo hatua inayoharibu kazi ya wengi. Sufuria kubwa la maharage likiachwa juu ya meza, katikati yake hubaki na uvuguvugu hadi usiku, na uvuguvugu ndio joto wanalolipenda vijidudu. Weka sufuria kwenye karai la maji baridi, koroga, badilisha maji yakipata moto. Kisha gawa kwa kiasi cha mlo mmoja wa familia yako, bapa kama daftari, si donge. Kibapa kinaganda haraka, kinayeyuka haraka, na vinapangika vizuri. Usiingize chakula kingi kipya kwa siku moja: friza ya lita 100 inatosha kupewa kilo nne hivi, vinginevyo utavipasha moto vile vilivyokuwamo. Hivyo hizo kilo tano za maharage ziingie kwa siku mbili, na za siku ya pili zilale kwenye friji. Wali upozwe mapema kuliko chakula chochote, ndani ya saa moja. Na tafadhali, friza si mahali pa kuficha kiporo kilicholala mezani ambacho tunaona haya kukitupa.

Kuhusu vyombo: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata ile ya zamani haikuwa mizuri kwa chakula. Makopo ya siagi na ya aiskrimu yenye mifuniko yanafaa sana, mradi yaoshwe na yaachiwe nafasi ya vidole viwili juu kama unaweka mchuzi. Bandika plasta ya karatasi, andika jina la chakula na tarehe. Nyumbani kwangu kuna daftari linaloning'inia kwenye kishikio, na anayetoa kitu anakifuta humo.

Nyama ifungwe nusu kilo nusu kilo, siku ile ile ilipotoka buchani. Ya kusaga itumike ndani ya miezi mitatu au minne, ya vipande hukaa zaidi. Samaki atolewe matumbo na kuoshwa kwanza; wenye mafuta mengi wasizidi miezi mitatu. Mchuzi uliopikwa tayari, miezi miwili au mitatu. Hiyo ni miezi ya ladha. Usalama unategemea kama umeme haukukatika kwa muda mrefu.

Mboga za majani na njegere zinahitaji kuchovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, zikatiwa maji baridi na kuchujwa, la sivyo hubadilika rangi na ladha. Kisamvu kitwangwe na kipikwe hadi kiive kabisa kabla ya kugandishwa, bila nazi wala karanga. Nyanya ni rahisi kuliko zote: zikishuka bei nunua tenga, osha, gandisha nzima, ukizitia kwenye maji ya vuguvugu ganda linavuka lenyewe. Nazi nayo hukunwa na kufungwa. Viazi mviringo vya kuchemsha, kabichi ya kachumbari na mayai ya kuchemsha acha, vinaharibika.

Hilo la viazi linanikumbusha mtori. Binti yangu alipokaribia kujifungua nilitaka kumgandishia mtori uliokamilika, mama yangu akakataa, na alikuwa na haki: ndizi zikishapondwa na kuganda hutoa maji na utamu wake hupungua. Tuligandisha supu ya mifupa na nyama iliyoiva, vifungu kumi. Kila asubuhi tulimenya ndizi mbichi, tukapika kwa supu hiyo, na kwa chini ya saa moja mzazi alikuwa anakula. Vifungu viwili vya mwisho vilikwenda hospitali kwa jirani aliyekuwa na mgonjwa na hana mtu wa kumpikia.

Kuyeyusha kusifanyike juani wala juu ya meza kutwa nzima. Nyama ihamie chini kwenye friji tangu jana yake. Kama huna friji, iache ikiwa imefungwa vizuri ndani ya maji baridi, uyabadilishe kila nusu saa. Maharage na makande yaingie jikoni yakiwa barafu, na maji kidogo, yachemke mpaka katikati.

Kwa upande wa umeme, walio katika kundi la watumiaji wadogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, wafanye hesabu kabla ya kukopa, kwa kuwa friza inaweza kukutoa humo. Soma LUKU asubuhi, soma tena kesho yake saa ile ile, siku moja friza ikiwa imewashwa na siku moja kabla ya kuinunua. Iweke mbali na jiko na ukuta, izibue barafu ikifika unene wa nusu sentimita, kwa kuzima na kusubiri, kamwe si kwa kisu. Nimeona friza mbili zilizotobolewa hivyo. Nunua pia friji gadi, kwa sababu umeme ukirudi kwa kishindo huunguza mota.

Neno moja kwa wauza barafu: kama kugandisha hakuui vijidudu, basi maji machafu yakiganda ni barafu chafu. Chemsha maji ya barafu na ya juisi. Wateja wenu wengi ni watoto wa shule.

Kazi ya kikundi kwa mkutano ujao: kila mwenye friza aitoe vitu vyote, aandike alichokuta, na atafute sarafu ya kuweka juu ya kikombe. Wasio na friza wahesabu mkaa wanaotumia kupika maharage kwa mwezi mmoja, walete hesabu hiyo, tuilinganishe na uniti za wenzao.