Soko la Ng'ambo Likibadilika, Mkulima Ajitayarishe Vipi?

Mkulima, wewe ni mfanyabiashara. Ukipanda mishiri, kahawa, maua au avokado, umeingia katika biashara ya ng'ambo, hata kama hujawahi kutoka katika wilaya yako. Bei unayolipwa hukatwa mara nyingi kabla haijafika mkononi mwako. Hukatwa gari, hukatwa ndege au meli, hukatwa kazi ya kuchagua na kufunga. Tena hukatwa ushuru wa forodha unaotozwa na nchi inayonunua.

Ushuru huo huamuliwa na serikali zinapokaa kuandika mapatano ya biashara. Mapatano yakichelewa au yakibadilishwa, bei ya shambani hubadilika pia, na mara nyingi hakuna mtu awezaye kukuambia mapema mambo yatakuwaje. Hata hivyo mtu aweza kujitayarisha kwa jambo asilolijua. Wenye makampuni hufanya hivyo, na mwenye ekari mbili aweza kufanya hivyo pia. Somo hili litaeleza namna.

MAMBO YALIYOTOKEA MWAKA 2014

Kwa miaka mingi mazao ya Kenya yaliingia katika nchi za Umoja wa Ulaya bila ushuru. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa ya muda tu, ikingoja mapatano mapya kati ya Ulaya na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siku ya mwisho ilikuwa 1 Oktoba 2014. Siku hiyo ilifika na mazungumzo hayajamalizika.

Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuguswa, kwa maana zilihesabiwa kuwa nchi zenye maendeleo madogo zaidi, na nchi za namna hiyo zilikuwa na ruhusa yao ya pekee. Kenya haikuwa katika orodha hiyo. Basi maua ya Kenya yakaanza kutozwa ushuru wa kati ya shilingi 5 na shilingi 8 na senti 50 katika kila shilingi 100. Ushuru huo uliondolewa tarehe 25 Desemba 2014, karibu miezi mitatu baadaye.

Huenda ukasema, shilingi 8 katika 100 ni kitu kidogo. Tufanye hesabu kwa mfano. Mzigo wa maua unauzwa shilingi 100,000. Gharama zote ni shilingi 92,000. Faida ni 8,000. Ushuru ukiwa 5 kwa mia, faida yabaki 3,000. Ushuru ukiwa 8 na nusu kwa mia, faida yote imekwisha na mwenye mali amepoteza shilingi 500. Ushuru hautozwi juu ya faida, hutozwa juu ya bei ya mzigo mzima. Ndiyo sababu ushuru mdogo waweza kuua biashara kubwa.

Mambo hayakwisha hapo. Kenya na Rwanda zilitia sahihi mapatano yale Septemba 2016, lakini nchi nyingine za Jumuiya hazikutia. Mwishowe Kenya ilifanya mapatano yake na Umoja wa Ulaya, yakatiwa sahihi Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, yakaanza kazi 1 Julai 2024. Hesabu miaka tangu 2014. Ni karibu miaka kumi ya kufanya biashara bila kujua kwa hakika mwisho wake.

UINGEREZA ILIPOTOKA ULAYA

Mfano wa pili ni Uingereza. Nchi hiyo ilitoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, lakini desturi za zamani za forodha ziliendelea hadi 31 Desemba 2020. Baada ya hapo mapatano ya Ulaya hayangeilinda tena mali ya Kenya iendayo Uingereza. Ilitakiwa Kenya na Uingereza zipatane zenyewe, na zilitia sahihi 8 Desemba 2020. Zilikuwa zimebaki siku 23 tu.

Mwenye kupanda waridi au mishiri hakuweza kungoja siku hizo 23 ndipo aamue. Mbegu ilikuwa imekwisha kuingia ardhini. Basi mfanyabiashara mwenye akili hakuuliza, "Je, watapatana?" Aliuliza, "Wakipatana nitafanya nini, na wasipopatana nitafanya nini?" Akaandika majibu yote mawili kabla ya siku kufika.

SI KILA ZAO HUGUSWA

Usitishwe na kila habari unayosikia. Kahawa mbichi isiyokaangwa na chai nyeusi ya magunia huingia Ulaya bila ushuru hata pasipo mapatano. Kwa hiyo mkulima wa chai hakuguswa na ushuru wa 2014. Yeye yampasa kutazama upande mwingine, kwa sababu mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya kwa miaka mingi amekuwa Pakistan. Jambo likitokea Pakistan, mkulima wa Kericho au Nyeri atalisikia mfukoni.

Lakini kahawa ina mtihani wake, nao si ushuru. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa, na mali nyingine kama ng'ombe na mbao, zisiingie huko ikiwa zimetoka katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Muuzaji yampasa kuonyesha mahali hasa shamba lilipo. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, latosha kuonyeshwa kwa alama moja ya ramani. Sheria hiyo ilikuwa ianze 30 Desemba 2024. Ikasogezwa mwaka mmoja. Kisha, kabla siku ile mpya kufika, ikasogezwa tena.

Tazama basi. Aliyeuza kahawa yake kwa haraka kwa kuogopa sheria, alikimbia bure. Naye aliyesema, "Hii haitakuja kamwe," hana alama ya ramani wala karatasi, na sheria ikianza atakuwa nyuma ya wenzake. Lakini yule aliyepima shamba lake na kutengeneza karatasi zake hakupoteza kitu. Karatasi hizo zitamfaa sheria ikianza, na zitamfaa isipoanza.

Hapo ndipo penye kiini cha somo hili. Anza na matayarisho yenye faida upepo ukivuma upande wowote. Matayarisho ya gharama kubwa, yanayofaa kwa upande mmoja tu, yangoje mpaka jambo lijulikane.

HATA MPAKA WA KARIBU HUBADILIKA

Usidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya ukungu. Siku chache tu baadaye yaliruhusiwa tena, kwa sharti la kuwa na cheti cha kupimwa na mwagizaji kuandikishwa. Mkulima wa Trans Nzoia aliyeona mpaka umefungwa akashikilia magunia yake yote akingoja bei ya juu, alikuwa anacheza kamari. Afadhali auzaye sehemu na kuweka sehemu.

MAMBO SITA YA KUFANYA

1. Jua mali yako inakwenda wapi. Uliza kampuni au chama chako cha ushirika: mishiri hii inakwenda nchi gani? Inapita nchi gani kwanza? Maua mengi huuzwa kwa mnada Uholanzi, kisha hupelekwa nchi nyingine. Mali ipitayo mipaka miwili yaweza kukwama mahali pawili.

2. Fanya hesabu tatu kabla ya kupanda. Tuchukue mfano wa nusu ekari ya mishiri. Mwaka mwema: kilo 1,000 kwa shilingi 60, ni 60,000. Toa gharama 42,000, wabaki na 18,000. Mwaka wa katikati: mnunuzi anapunguza shilingi 5 katika kilo, wabaki na 13,000. Mwaka mbaya: bei ni 55 na kilo 300 hazichukuliwi, zakomaa shambani. Wapata 38,500, yaani hasara ya 3,500. Tia hesabu za shamba lako mwenyewe. Ikiwa hasara ya mwaka mbaya itakufanya uuze ng'ombe au kumtoa mtoto shuleni, punguza ukubwa wa shamba hilo.

3. Soma karatasi ya mapatano kabla ya kutia sahihi. Tafuta majibu ya maswali haya: Ushuru mpya ukija, nani ataulipa? Mnunuzi akikosa soko, atanipa habari siku ngapi mbele? Mali iliyokataliwa itarudishwa kwangu au itatupwa? Ikiwa karatasi haijibu, uliza, na jibu liandikwe. Maneno ya barabarani hayana ushahidi.

4. Weka kumbukumbu zako. Andika siku uliyopanda, dawa uliyopiga, kipimo chake, na siku uliyovuna. Mwaka 2013 Ulaya ilianza kuyapima kwa ukali maharagwe na njegere za Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa, ukapimwa mzigo mmoja katika kila kumi. Asiye na kitabu hakuweza kujitetea. Angalia pia hati ya shamba. Katika skimu nyingi za makazi hati bado ina jina la baba aliyekwisha fariki, na wana wamegawana ardhi kwa mdomo tu. Anzeni kazi hiyo sasa, maana huchukua muda mrefu.

5. Usiweke shamba lote katika soko moja. Acha sehemu ya chakula cha nyumbani, sehemu ya zao liuzwalo hapa nchini, kama maziwa au viazi, na sehemu ya zao la ng'ambo. Mishiri ikikosa ndege, maziwa bado yatanunuliwa mjini. Wala usichukue mkopo ambao hulipwa na zao moja tu.

6. Sikilizeni habari pamoja. Mtu mmoja hawezi kufuata mambo ya London na Brussels. Chama cha ushirika chaweza kuchagua mtu mmoja awe akiuliza kwa Bwana Shamba na kwa kampuni, kisha alete habari kila mkutano. Habari ikija, ulizeni mambo matatu: Ni sheria iliyokwisha kupitishwa, au ni mazungumzo tu? Inaanza lini? Inagusa zao letu?

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

Kaeni jioni moja, mume na mke na watoto wakubwa, mjibu haya kwa kuandika:

Zao letu la kuuza linakwenda nchi gani?
Bei ikishuka shilingi 5 katika kilo, tutabaki na nini?
Mnunuzi akikosa kuja wiki mbili, tutauza wapi?
Kitabu cha dawa kiko wapi, na hati ya shamba ina jina la nani?

Swali mliloshindwa kujibu ndilo kazi yenu ya mwezi huu. Serikali zitaendelea kuzungumza, na tarehe zitaendelea kusogezwa. Mkulima mwenye majibu yake yameandikwa hatahitaji kukimbilia sokoni kwa hofu siku habari itakapofika.