Kuvua Viatu Uwanja wa Ndege Wakati wa Korona

SWALI: Daktari, nitamsindikiza mama kutoka Keroka hadi Kisumu, tupande ndege ya Nairobi. Ana kisukari. Je, akivuliwa viatu kwenye ukaguzi anaweza kuambukizwa korona kupitia nyayo?

JIBU: Kupitia nyayo, hapana. Virusi hivi huingia kwa pua, mdomo na macho. Ni kweli kwamba mwaka 2020 watafiti huko Wuhan walikuta chembe zake kwenye nusu ya sampuli za soli za wahudumu wa wagonjwa mahututi. Lakini soli haipumuliwi. Cha kuchunga ni mkono ulioishika kisha ukapanda usoni.

Kuliko soli, mimi naiogopa zaidi trei ya ukaguzi. Utafiti wa uwanja wa Helsinki, uliochapishwa 2018 kabla ya korona, ulikuta virusi vya njia ya hewa kwenye trei 4 kati ya 8 zilizopimwa, ilhali vyooni havikuonekana. Kwa hiyo mama akishavaa viatu, apake sanitaiza kwanza ndipo aguse barakoa. Na foleni ikibanana, rudini nyuma. Kwenye msongamano ndipo penye hatari kubwa.

Sakafu ina hatari nyingine, na kwa mwenye kisukari si ndogo. Miguu yake huenda imekufa ganzi, akachomwa na kitu asihisi, kidonda kikakaa. Pia kuna fangasi. Avae soksi nene, abadilishe baadaye, na jioni umkague nyayo na katikati ya vidole. Mwambieni afisa mapema kuhusu kisukari, na muombe kiti.